Mihuri nyuma ya brochi ya mbawakawa mwenye mawe ya kijani, naomba msaada kuisoma

BintiTanga_Bham

Wadau habari za jumapili. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na vito vya zamani, mimi ndo kwanza naanza na kichwa kinaniuma.

Niko Birmingham, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Jumapili nikiwa sina shifti huwa nakwenda pale uwanjani ambapo watu wanapanga magari, wanafungua buti wanauza vitu vya nyumbani. Mwezi jana alikuwepo baba mmoja kaleta vitu vya marehemu shangazi yake, kwenye bati la biskuti kulikuwa na vifungo vya koti, sindano za kufumia, hereni za upande mmoja, na chini kabisa huyu mdudu. Nimemchukua kwa pauni 12.

Ni mbawakawa, ukubwa wake kama dole gumba kuanzia kwenye kifundo mpaka kwenye ncha. Mabawa yote mawili yamejaa mawe madogo ya kijani, nimehesabu 22, makubwa yako katikati halafu yanapungua kwenda mkiani. Macho mekundu. Pale shingoni kuna mstari wa lulu nusunusu tano ila moja imedondoka limebaki shimo. Miguu sita, mmoja umepinda kidogo. Hiyo kijani sasa, si ile ya chupa ya soda, ni kama jani changa la mgomba, na ukimsogeza dirishani yanatoa vicheche vya rangi nyingine mpaka nyekundu na chungwa.

Nilimpeleka duka moja la vito mjini. Kijana alimgeuza mara moja tu, akaona kwenye sindano imeandikwa 9CT, akasema karati tisa, mawe ni kioo, nakupa pauni 30. Hata kioo cha kukuzia hakutoa. Nikamwambia ahsante nikarudisha mdudu wangu kwenye mkoba, kwa kweli iliniuma, si bei iliyoniuma, ni vile hakumwangalia.

Nyumbani nikawasha tochi ya simu, ndo nikaona kwenye ukingo wa chini wa bawa la kulia kuna vidude vimejipanga vinne au vitano, vidogo kuliko punje ya mtama na vimejaa uchafu. Kimoja kama nanga. Kingine ni herufi C na H kama sikosei. Nimeingia mtandaoni nikakuta C.H ni Charles Horner, mtengeneza vito wa zamani, na brochi zake zinauzwa bei nzuri. Sasa naomba kujua: nisafishe vipi bila kumuumiza, hivyo vidude vinasemaje, na kwanini kwenye sindano iwe 9CT peke yake? Picha nimeweka nne, samahani ya tatu imetoka na ukungu.

sonara_wa_mvita

Salaam dadangu. Mimi ni sonara wa Mombasa, kazi niliirithi kwa baba na babu, na brochi za kizungu zimepita nyingi mikononi mwangu maana kuna nyumba za zamani hapa watoto wakigawana urithi huleta vitu tuvitengeneze.

Kwanza usimtie kwenye maji. Tena nakuomba sana. Zile lulu nusu zimekaa kwa gundi ya zamani, na macho mekundu kama nyuma yamezibwa basi huenda yamewekewa karatasi nyembamba ya metali ya kuyang'arisha kwa chini, maji yakipenya ile karatasi inaungua rangi na jiwe linakufa, halirudi tena lilivyokuwa. Usitumie dawa ya meno, wala magadi, wala ile dawa ya kuchovya fedha. Watu wameharibu vitu vya thamani kwa dawa ya meno kuliko wezi walivyoiba.

Fanya hivi. Chukua kijiti cha meno cha mti, kitafune ncha mpaka ilainike iwe kama brashi, halafu sugua polepole pale penye mihuri tu, kavu kavu. Ukimaliza mpulizie pumzi ya joto ya mdomo kama unavyofuta miwani, ule ukungu ukiwa unaondoka mihuri husimama dakika moja ukaiona. Tochi usiiweke juu yake, ilaze ubavuni karibu na meza, kivuli ndicho kinachoandika. Piga video badala ya picha, halafu isimamishe pale panapoonekana.

Kuhusu sindano. Sindano ya brochi ndiyo huvunjika kwanza, kwa hivyo nyingi zimebadilishwa, na anayebadilisha huweka aliyo nayo dukani. Lakini usikimbilie kusema hii ni ya baadaye, kwa sababu hata mafundi wa zamani walipenda sindano ya karati ndogo, dhahabu ya karati kubwa ni laini, sindano ikikosa springi haishiki nguo. Itazame pale kwenye bawaba yake: lehemu ikiwa safi na rangi ni moja na mwili, yaelekea ni ya asili. Ukiona lehemu imemwagika, ina rangi ya kijivu, basi mtu alipita hapo na lehemu ya risasi, ile metali laini ya kijivu. Kwa vyovyote muhuri wa kwenye sindano ni wa sindano. Yule kijana alipima sindano akakupa bei ya mdudu mzima.

Na nambie kitu kimoja, kile kishikio kinachofunga sindano kina kifuniko cha kuzungusha au ni ndoano tupu?

BintiTanga_Bham

Ahsante sana kaka sonara, kijiti cha meno nimekielewa. Kishikio ni ndoano tupu kama herufi C, hakina kifuniko, na sindano ni ndefu inatokeza nje ya mdudu kama milimita mbili, nilidhani imekosewa kipimo.

mzee_wa_leicester

Haijakosewa kipimo mama. Ndoano ya C na sindano inayotokeza ndivyo zilivyokuwa kabla ya vile vishikio vya usalama vya kuzungusha kuenea, na hivyo vimeenea kuanzia miaka ya 1910 kwenda mbele. Kwa hiyo ndoano yako inaongea lugha ya zamani, ni dalili nzuri.

Mimi nakusanya vitu hivi huku tangu nilipostaafu kuendesha basi, na nitakueleza mihuri ya Waingereza maana wakikuelekeza vibaya hapa utapotea miaka.

Kitu cha dhahabu kilichopimwa huku kinabeba alama kadhaa, na kila moja ina kazi yake. Ile ya herufi za majina ni ya aliyekipeleka kupimwa. Namba ni usafi wa dhahabu. Picha ni mji kilikopimwa. Halafu herufi moja peke yake ni mwaka. Nanga ni Birmingham, hapo hapo ulipo. Kichwa cha chui ni London. Edinburgh ni ngome. Sheffield zamani ilitumia taji kwenye fedha, kuanzia 1975 ikawa waridi. Chester ilikuwa na miganda mitatu ya ngano na upanga, hiyo ofisi ilifungwa 1962. Birmingham na Sheffield zilipata ofisi zao mwaka mmoja, 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, kupambana bungeni, kwa sababu mafundi wa Birmingham walikuwa wanalazimika kutuma kazi zao Chester au London kwa gari la farasi zikapimwe zirudi, zingine zinarudi zimekwaruzika. Wenyewe wanasimulia kuwa nanga na taji vilitokana na hoteli ya London iliyoitwa Crown and Anchor, wajumbe wa miji miwili walikuwa wanakutania hapo wakarusha sarafu kugawana. Ndo maana mji ulio mbali na bahari unatumia nanga.

Sasa angalia namba kwa makini sana. Ukikuta 9 na .375 ni karati tisa. Ukikuta 15 na .625 moyo wako utulie, maana karati 15 ilihalalishwa 1854 ikafutwa 1932, baada ya hapo ikaja 14 yenye .585. Kwa hiyo 15 na .625 peke yake inakuambia kitu si cha baada ya 1932, bila hata kuangalia kitabu.

Herufi ya mwaka ndo inayodanganya wengi. Herufi zinazunguka, zikiisha zinaanza upya kwa mwandiko mwingine na ngao ya umbo lingine. Birmingham walianza a ndogo ya kawaida mwaka 1900 wakafika z mwaka 1924, waliruka j. Mzunguko wa nyuma yake, ule wa 1875, ni herufi ndogo pia lakini za mwandiko wa kale wenye vipembe. Na herufi hiyo hiyo London ni mwaka mwingine kabisa. Kwahiyo soma mji kwanza, halafu mwandiko, halafu ndo herufi.

Kuhusu Charles Horner twende pole. Alikuwa wa Halifax, alifariki 1896 na kampuni ikaendelea, wamejulikana sana kwa fedha yenye enameli, pini za kofia, na kastabini (kofia ya kidole ya kushonea) za jina la Dorcas. Vyote vya C.H vyao nilivyowahi kushika mimi vilikuwa na mihuri ya Chester. C.H yenye nanga kwenye dhahabu ya mawe siwezi kumpa Horner kwa herufi mbili tu. Waangalie majina ya Kiingereza yanayoanza na C na H ni mangapi, warsha za Jewellery Quarter, mtaa wa masonara hapo Birmingham, peke yake zilikuwa mamia. Fremu inayozunguka herufi ina umbo gani? Mstatili, yai, almasi, ncha zimekatwa? Warsha mbili zenye herufi sawa zilitofautishwa na fremu.

BintiTanga_Bham

Nimerudi. Nimekaa na kijiti cha meno saa nzima na nusu baada ya shifti, mgongo unauma lakini jamani nimeona!!

Nanga ipo, imelala ubavu. Pembeni yake 15 kwenye kisanduku, halafu .625 kwenye kingine, niliposoma hiyo nukta sita mbili tano nilipiga kelele mpaka wa chumba cha pili akaja kugonga. Halafu kuna herufi g, ndogo, ya kawaida, haina vipembe. Na hizo herufi za majina ziko kwenye fremu ya mstatili ila ncha zake nne zimekatwa. H iko wazi. Ya kwanza naona kama C lakini upande wa ndani pamesagika.

Lehemu ya bawaba nimeiangalia kaka sonara, kuna donge la kijivu upande mmoja, na sindano ina rangi ya njano iliyopauka kuliko mwili. Nadhani ndo hiyo risasi uliyosema.

mzee_wa_leicester

Nanga, 15, .625, g ndogo ya kawaida. a ni 1900, hesabu kwa vidole mpaka g unapata 1906. Wakati ule walibadili herufi katikati ya mwaka kwa hiyo tunasema 1906 kuingia 1907. Hongera mama, mdudu wako ana cheti cha kuzaliwa.

kijiwe_arusha

Habari wakuu. Mimi ni broka wa mawe Arusha, vito vya zamani sijui sana lakini hiyo picha ya pili imenifanya niache chai ipoe.

Kijani yenye kutoa cheche nyekundu na chungwa. Dada hapo hapo simama. Sisi huku kijani tunayoijua ni tsavorite, ni ganeti ya kijani, nzuri sana, lakini cheche za namna hiyo haitoi. Halafu tsavorite imegunduliwa 1967, Campbell Bridges aliikuta upande wetu huku, baadae akaikuta Kenya kule Taita, na jina la tsavorite wakalitangaza Tiffany, duka la vito la Marekani, 1974 kutokana na Tsavo. Mwaka huo huo wa 1967 ndo tanzanite nayo ikatokea Mirerani. Kwahiyo mtu akikuuzia brochi ya 1906 akakwambia mawe yake ya asili ni tsavorite au tanzanite, muhuri na jiwe vinakanushana, kimoja kimewekwa baadae.

Ganeti ya kijani iliyokuwepo 1906 ni demantoidi, ilikuwa inatoka milima ya Ural, Urusi. Waingereza wa enzi hizo waliipenda kufa kwa wadudu na mijusi, na madukani waliiita olivini, hata ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa hivyo usidhani ni jiwe lingine. Cheche zake zinapita hata za almasi, vipimo vinaonyesha 0.057 kwa 0.044 ya almasi. Jina lenyewe linatokana na almasi kwa Kijerumani cha zamani.

Tafuta lupu (kioo kidogo cha kukuzia) ya mara kumi, hata ya bei rahisi inafaa. Mlaze mdudu chini ya taa ya kawaida, angalia ndani ya yale mawe makubwa ya katikati. Unatafuta nyuzi nyembamba za dhahabu zinazoanzia sehemu moja halafu zinajipinda kutawanyika, kama mkia wa farasi unaopigwa na upepo, na ndo jina lake hilo, mkia wa farasi. Sisi kwenye mawe yetu uchafu wa ndani unashusha bei, kwenye demantoidi ya Urusi huo mkia unapandisha. Ya Namibia na ya Madagaska hayana huo mkia. Kwenye kioo utakuta mapovu, viduara kama soda.

Kitu kingine, demantoidi ni laini kidogo, 6.5 mpaka 7, kwa zaidi ya miaka mia moja ya kuvaliwa kona za juu za mawe lazima ziwe zimelika kidogo. Jiwe lenye kona kali kama wembe katikati ya wenzake waliochoka, hilo lilichelewa kufika. Na mwambie sonara yeyote asimtie kwenye ile mashine ya kutetemesha maji.

NjeriVintage

Sorry kuingilia wasee, niko na swali ya mdudu pia. Cucu (nyanya) yangu alifanyia kazi familia moja ya Wazungu huko Karen, Nairobi, wakirudi kwao wakamwachia nzi. Tumbo lake ni kitu clear kama barafu, mabawa ni ya mawe meupe madogo, nyuma imeandikwa Sterling na Trifari, na juu ya hiyo T kuna kataji kadogo. Hakuna nanga hakuna herufi. Mawe ni almasi?

mzee_wa_leicester

Karibu Njeri. Huyo ni Mmarekani, na sheria zao ni tofauti na huku. Marekani hawakuwa na ofisi ya serikali ya kupima kila kipande, mtengenezaji anajipigia mwenyewe, ndo maana huoni mji wala mwaka. Tumbo ni plastiki ngumu ya lucite na mawe ni ya kioo kilichochongwa vizuri, si almasi, lakini usimdharau hata kidogo. Msanifu wao mkuu alikuwa Alfred Philippe, alitoka kwenye kazi za vito vya kweli, na hao wenye tumbo la lucite wanatafutwa sana na wakusanyaji. Neno Sterling, yaani fedha halisi, linakusaidia kwenye tarehe: wakati wa vita vya pili metali za kawaida zilipelekwa jeshini, kampuni za mapambo zikahamia kwenye fedha. Angalia kama kuna ile c ndogo ndani ya duara. Kama haipo inaelekea ni kabla ya 1955, mwaka huo Trifari walishinda kesi mahakamani kwamba mapambo yanaweza kulindwa kama kazi ya sanaa, na baada ya hapo wakawa wanaweka hiyo alama. Kukiwa na maneno Des. Pat. (hataza ya mchoro, haki ya aliyebuni) na namba, hiyo namba unaitafuta kwenye hifadhi ya hataza za Marekani bila malipo na mchoro wa nzi wako unatokea na jina la aliyemchora.

NjeriVintage

Woi. Iko namba, ni ndogo sana kando ya mguu. Naenda kutafuta sai. Asante mzee, cucu atafurahi, yeye humvaa kanisani kila Krismasi.

dada_wa_lyon

Na mimi niongezee la Ufaransa kwa sababu wengi wanapoteza vitu vya Kifaransa kwa kutafuta namba. Huku dhahabu ya zamani mara nyingi haina namba yoyote. Ina kichwa cha tai, kilianza 1838, maana yake karati 18, na kinaweza kuwa kidogo kiasi kwamba unadhani ni mkwaruzo. Mimi nina kereng'ende ambaye mabawa yake yamekaa juu ya springi, ukitembea anatetemeka kama yuko juu ya maji, niliishi naye miaka miwili nikijua hana muhuri. Siku moja naufunga kwenye skafu mwanga wa dirisha ukapiga ule upande wa nje wa ndoano, tai huyo hapo. Fundi wa Kifaransa yeye anapiga herufi zake ndani ya umbo la almasi iliyosimama, na katikati ya herufi anaweka kialama chake, nyota, mshale, tawi, chochote. Ukiona bundi badala ya tai, ujue kitu kiliingizwa kutoka nje au asili yake haikujulikana kilipopita mnadani, kuanzia 1893. Kichwa cha mbwa ni platini, 1912.

Kwahiyo ndugu zangu tafuteni kwenye ndoano, kwenye bawaba, kwenye ubavu wa sindano, chini ya tumbo, na hata kwenye mguu. Fundi anapiga pale ambapo chuma cha muhuri hakitavunja jiwe.

sonara_wa_mvita

Hilo la mwisho ni kweli tupu. Kupiga muhuri ni kupiga nyundo. Kwenye mdudu aliyejaa mawe mahali pa kupiga ni pachache, wengine walipigwa kabla mawe hayajatiwa. Ndiyo maana mihuri yake iko ukingoni mwa bawa, mpigaji alifuata nafasi aliyoipata.

Na niongeze jambo wasije watu wakatupa vitu: brochi nyingi za Kiingereza za enzi za Victoria hazina mihuri kamili, vipande vidogo vingi vilisamehewa kupimwa kisheria, utakuta 15ct peke yake au hakuna kitu. Kukosa muhuri si kusema ni bandia. Hapo ndipo unapima dhahabu kwa kuisugua kwenye jiwe la majaribio na kutia tindikali, na unasoma ndoano na lehemu.

BintiTanga_Bham

Wadau samahani nilipotea wiki nzima, shifti za usiku.

Nilinunua lupu. Kaka wa Arusha, mkia wa farasi upo. Nimeuona kwenye mawe matatu ya katikati, kwenye moja ni wazi kabisa, nyuzi za dhahabu zimetoka kwenye kidoa cheusi zimetawanyika. Nilikaa kitandani namwangalia mpaka jicho likaanza kutoa machozi. Kona za mawe zimelika kama ulivyosema, isipokuwa jiwe moja la mkiani upande wa kushoto, lina kona kali na ndani nimeona viduara viwili. Hilo nadhani ni kioo, mtu alilipotezea la asili akaziba pengo.

Sasa la herufi. Kule kazini kuna bibi mmoja ana miaka 94, maongezi yake siku hizi ni machache, anachanganya siku na majina yetu. Nilijua kutoka kwa binti yake kwamba ujana wake alifanya kazi warsha ya Jewellery Quarter, alikuwa akikaa benchi analehemu minyororo. Jumatatu baada ya chai nikamwekea mdudu kiganjani. Wote niliowaonyesha wanaangalia mawe kwanza. Yeye alimgeuza. Hakuangalia mbele kabisa, alimgeuza tumbo juu, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa bawa akaupitisha polepole juu ya zile herufi, mara mbili, macho ameyafumba. Halafu akasema, hiyo si C, hiyo ni G, kale kamstari kake kameliwa. Akaniuliza nani katia sindano mbaya namna hii.

Nimerudi na lupu nyumbani, na kweli, ukiweka tochi upande wa kushoto kuna kijinukta ambapo mstari wa G ulipoanzia. Kwahiyo Horner hayumo tena kabisa. Ni G.H, fremu ya mstatili ncha zimekatwa, Birmingham 1906. Jumatano niko off, nakwenda mwenyewe kwenye ofisi ya upimaji na mdudu kwenye kitambaa, kuuliza kama wana rejista za miaka hiyo.

mzee_wa_leicester

Nenda mama. Ila ukipewa jina kumbuka ni jina la aliyempeleka kupimwa, anaweza kuwa fundi mwenyewe au mwenye warsha au hata duka lililoagiza kazi. Waulize na anwani yake, majengo mengi ya wakati ule bado yamesimama, utaweza kutembea mpaka mlangoni.

sonara_wa_mvita

Na sindano usibadilishe kabla hujaenda, mpeleke kama alivyo. Ukirudi nitakuelekeza namna ya kumwambia fundi: karati 15 kama atapata, bawaba ya mrija, lehemu ya dhahabu si risasi, na mawe yafunikwe asiyapige moto. Lile shimo la lulu nina nusu za zamani hapa kwenye kikopo, nitakupimia milimita nikutumie na mtu anayekuja huko.

BintiTanga_Bham

Milimita moja na nusu, nimepima kwa rula ya mwanangu, nitapima tena vizuri. Mungu akubariki kaka. Yule bibi kaniambia nikirudi Jumatano jioni nimpelekee jina.

kijiwe_arusha

Tunasubiri Jumatano. Weka picha ya ule mkia wa farasi tafadhali, weka simu juu ya lupu ubonyeze taratibu, kuna vijana hapa kijiweni hawajawahi kuuona.